Kusema na Mgonjwa Aliyelazwa Usingizi

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wahudumu wa wagonjwa wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo





Mmezoea kuisikia Tume ya Haki na Amani ikizungumza juu ya mashamba yaliyoporwa, vibarua walionyimwa ujira wao, na wajane waliofukuzwa katika nyumba walizozijenga pamoja na waume zao. Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini safari hii tumechagua kuzungumza juu ya kitanda cha mgonjwa anayekaribia kufa. Sababu yetu ni hii: kazi ya Tume ni kusimama upande wa watu wasioweza kujitetea, na katika parokia zetu hakuna asiyeweza kujitetea kuliko mgonjwa ambaye maradhi yamemmaliza nguvu na dawa imemfumba macho na kinywa. Watu humgeuza, humwosha, humdunga sindano, humwombea, na pengine humgombania. Naye hawezi kusema ndiyo wala hapana. Tunachotaka kuwaambia leo ni kwamba mgonjwa huyo angali mtu miongoni mwa watu, na kwamba namna tunavyosema naye, na tunavyosema mbele yake, ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la huruma.

1. Usingizi huu ni wa namna gani

Katika siku au saa za mwisho za maradhi kama saratani iliyoenea, wapo wagonjwa wanaopatwa na mateso yasiyotulizwa na dawa za kawaida: kukosa pumzi kwa kiasi cha kuogofya, kuweweseka na kuhangaika usiku na mchana, degedege, ama maumivu yaliyoshinda hata morfini iliyotolewa ipasavyo. Hapo daktari anaweza kumpa mgonjwa dawa ya kupunguza fahamu, mara nyingi ile iitwayo midazolamu, ili asiendelee kuyahisi mateso hayo. Dawa huongezwa kidogo kidogo mpaka mgonjwa atulie, wala haipasi kuzidishwa hapo. Wengine hulala usingizi mwepesi, na wakiitwa kwa jina hufumbua macho. Wengine hulala usingizi mzito, wasijibu neno tena mpaka kufa kwao.

Waamini wengi huuliza kama huku si kumwua mgonjwa. Kanisa limelijibu swali hili tangu zamani. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio wa XII, akizungumza na madaktari wa nusukaputi, alifundisha kwamba ni halali kutuliza maumivu ya mgonjwa kwa dawa, hata kama dawa hiyo itampunguzia fahamu na pengine kumfupishia maisha, ikiwa hakuna njia nyingine, na ikiwa jambo hilo halimzuii kutimiza wajibu wake wa kidini na wa kimaadili. Mafundisho hayo yalirudiwa katika tamko la Idara ya Mafundisho ya Imani la mwaka 1980, katika waraka wa Papa Yohane Paulo II juu ya Injili ya Uhai wa mwaka 1995, na tena katika barua juu ya Msamaria Mwema ya mwaka 2020, ambayo inautaja usingizi huu waziwazi. Tofauti iko katika nia na katika kipimo. Anayeua hutaka kifo, na dawa yake hupimwa ili ilete kifo. Anayetuliza hutaka mateso yapoe, na dawa yake hupimwa kwa kazi hiyo tu. Nayo mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2015 hayakupata ushahidi kwamba usingizi wa namna hii huharakisha kifo.

Hata hivyo, yapo madai ya haki hapa ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Morfini yenyewe ni dawa ya maumivu, si dawa ya kulaza; ikitolewa kwa kipimo sahihi, wagonjwa wengi huendelea kuzungumza na watoto wao na kusali. Lakini mwaka 2017 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilionyesha kwamba, katika tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizokuwa zikigawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Hali hiyo si amri ya Mungu. Huko Uganda, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Daktari Anne Merriman, imeonyesha kwamba unga wa morfini ukichanganywa na maji hutoa dawa ya gharama ndogo ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani kwake. Na tangu mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo imewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Basi tunasema wazi: mgonjwa asilazwe usingizi kwa sababu tu morfini haikufika wodini, au kwa sababu amekosekana mtu mwenye nafasi ya kukaa naye na kuisikiliza hofu yake. Usingizi usiwe njia ya kumnyamazisha mtu ambaye kilio chake kinatuchosha.

2. Maneno yanayopaswa kusemwa kabla ya usingizi

Sharti lile la Papa Pio wa XII, kwamba mgonjwa asizuiwe kutimiza wajibu wake, ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Mara nyingi jamaa humwita daktari pembeni na kumsihi asimwambie mgonjwa hali yake, wakidai kwamba atakata tamaa. Matokeo yake, mgonjwa hupewa dawa bila kujua kwamba huenda asiamke tena. Anaondoka akiwa hajamwaga mkewe, hajamwomba radhi ndugu aliyekosana naye miaka kumi, hajasema ni nani anamdai na ni nani anadaiwa naye.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, maana yake mtu mwema hangoji kuombwa ndipo amhudumie mgonjwa. Methali hiyo ni ya huruma. Tusiigeuze kuwa kibali cha kumwamulia mgonjwa kila kitu. Uji haulizwi, lakini kifo ni cha kwake, na dhamiri ni ya kwake.

Kwa hiyo, maadamu mgonjwa angali na akili zake, apewe nafasi ya mambo haya:

Kwanza, aelezwe kwa lugha anayoielewa, tena kwa upole na kwa kadiri anayotaka kujua, dawa hiyo ni ya nini, atalala kwa kiasi gani, na kwamba huenda asiweze kuzungumza tena. Aulizwe kama anakubali.

Pili, aulizwe ni nani anataka kumwona au kumsikia kabla ya kulala. Kama mtoto wake yuko mbali, apigiwe simu, na simu iwekwe sikioni mwake.

Tatu, aitwe padri mapema. Kitubio na Komunyo Takatifu, masurufu ya safari ya mwisho, huhitaji mgonjwa mwenye fahamu. Mpako wa Wagonjwa waweza kutolewa hata kwa aliyekwisha kupoteza fahamu, ikiwa alipokuwa na fahamu aliuomba, au maisha yake ya imani yaonyesha kwamba angeuomba. Lakini kumngoja mpaka hapo ni kumpunja. Wapo Wakristo wanaoogopa kumwita padri wakidhani kwamba akionekana mlangoni mgonjwa atajua amekwisha. Ni kazi ya viongozi wa jumuiya kuwaondolea waamini hofu hiyo wakati wangali wazima.

Nne, asiachwe alale akiwa na neno moyoni. Mara nyingi halihitaji saa nzima. Nisamehe, nimekusamehe, nakushukuru, nawaaga. Watu wengi wameishi nyumba moja miaka arobaini pasipo kuambiana maneno hayo, na dakika kumi kabla ya sindano zimetosha.

3. Maneno ya kusema wakati amelala

Sasa mgonjwa amelala. Je, anatusikia? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini Kanada, walichapisha matokeo ya kupima mawimbi ya ubongo wa wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa, kwanza wakiwa na fahamu, kisha walipokuwa hawaitiki tena. Walichezewa sauti zilizobadilika-badilika, na ubongo wa baadhi yao, ingawa hawakuitika, uliyatambua mabadiliko hayo kwa namna iliyofanana na ubongo wa vijana wenye afya. Watafiti hawakudai kwamba wagonjwa hao walielewa maneno, wala utafiti huo haukuhusu dawa za kulaza moja kwa moja. Lakini unatosha kutuonya tusiseme kwa uhakika kwamba asiyejibu hasikii.

Tena sisi Wakristo tunayo sababu iliyo kubwa kuliko mawimbi ya ubongo. Injili zinatusimulia juu ya watu watatu ambao Bwana wetu aliwafufua: binti Yairo, kijana wa mjane wa Naini, na Lazaro wa Bethania. Katika mara zote tatu alisema nao wao wenyewe. Hakusema juu yao kana kwamba hawapo. Lazaro alimwita kwa jina lake. Binti alimshika mkono, na Marko ametuhifadhia maneno yenyewe katika Kiaramu, lugha ya nyumbani kwao. Kabla ya hapo aliwatoa nje waliokuwa wakipiga kelele na kucheka, akabaki na wazazi na wanafunzi wachache. Ikiwa Bwana alisema hivyo na waliokwisha kufa, sisi tuna udhuru gani wa kukaa kimya mbele ya ndugu yetu aliye hai?

Katika mila zetu pia tunalo fundisho. Mjukuu hamwamkii babu yake kwa sababu anataka kupata marahaba. Anamwamkia kwa sababu huyo ni babu yake. Basi tuingiapo chumbani, tumwamkie: "Shikamoo babu. Ni mimi mjukuu wako, nimefika kutoka mjini. Nitakaa nawe hapa." Marahaba isipokuja, shikamoo yetu haikupotea.

Kwa wahudumu wetu tunapendekeza desturi chache. Sogea karibu, useme kwa sauti ya kawaida. Hakuna haja ya kupiga kelele. Mwite mgonjwa kwa jina au kwa heshima aliyozoea, ujitaje wewe ni nani. Tumia lugha aliyolelewa nayo, iwe Kihaya, Kisukuma au Kichaga, kama unaijua. Na kama huijui, mtafute jamaa anayeijua. Kabla ya kumgusa, mwambie unachotaka kufanya: "Mama, sasa tunakugeuza ubavu wa kushoto." Mweleze habari za nyumbani: mvua imenyesha, mtoto amefaulu mtihani, ng'ombe amezaa. Kama mna sala aliyoipenda, mwisalie polepole. Rozari ya watu wawili kwa sauti ya chini yaweza kumfariji kuliko umati unaokemea na kupaza sauti juu ya kichwa chake. Na mkiishiwa maneno, mshikeni mkono, mkae.

Mgonjwa aliyelala naye husema nasi kwa mwili wake. Akikunja uso, akiguna anapogeuzwa, akikaza vidole au akianza kupumua kwa haraka, huenda anatuambia kwamba dawa haimtoshi au kwamba amelazwa vibaya. Aliye karibu naye amwite muuguzi, wala asione haya kurudia. Mkoromo wa kooni unaosikika saa za mwisho huwaogofya sana jamaa, nao hudhani kwamba mgonjwa anakabwa. Aghalabu ni mate na ute anaoshindwa kuumeza, na kumlaza ubavu husaidia. Hapo pia tusimlazimishe uji wala maji, maana vyaweza kuingia mapafuni. Tumloweshe midomo kwa kitambaa safi chenye maji, nasi tumwambie kwamba tunafanya hivyo.

4. Maneno yanayosemwa juu ya kichwa chake

Ndugu zetu, hapa ndipo dhuluma inapojificha. Yako mambo manne ambayo kiongozi wa walei hana budi kuyasimamia.

La kwanza ni ugomvi wa mirathi kitandani. Jamaa hugawana shamba, nyumba na ng'ombe hali mwenye mali angali anapumua, na wengine humlaumu mke wake kwa maradhi yake mbele yake. Viongozi waliopo wawaombe wagomvi watoke nje, kama Bwana alivyowatoa nje watu wa nyumbani kwa Yairo.

La pili ni zito zaidi: dole gumba. Hutokea jamaa akaleta karatasi na wino, akaushika mkono wa mgonjwa aliyelazwa kwa dawa, akakibandika kidole chake chini ya wosia au hati ya kuuza kiwanja. Huo ni wizi. Wosia hudai mtu mwenye akili timamu, anayejua anachotenda na kukitenda kwa hiari yake. Aliyelala kwa dawa hana uwezo huo. Mkristo asikubali kuwa shahidi wa tendo hilo, hata kama anayeomba ni kaka yake au mfadhili wa parokia. Aliyeliona na asiseme amekuwa mshiriki, na anayepunjwa mara nyingi ni mjane na watoto wa kike. Dawa ya jambo hili ni kuandika wosia mapema, tukiwa wazima, mbele ya mashahidi wanaokubalika kisheria.

La tatu ni dini. Mgonjwa mtu mzima ambaye hakuonyesha nia ya kubatizwa alipokuwa na fahamu, asibatizwe kwa kuviziwa usingizini. Sheria ya Kanisa yenyewe hudai kwamba mtu mzima awe ameonyesha nia yake ya kubatizwa. Na kitanda cha jirani kikiwa cha Mwislamu, ndugu zake wanapomsomea kwa sauti ya chini, sisi tunyamaze na kuwaachia nafasi, kama ambavyo tungependa tuachiwe.

La nne lawahusu ndugu zetu wauguzi na madaktari, ambao tunawashukuru kwa kazi ngumu katika wodi zilizojaa. Tunawasihi wasijadili habari za mgonjwa juu ya kitanda chake kwa Kiingereza ambacho yeye na jamaa zake hawakifahamu, wala wasimtaje kwa namba ya kitanda. Tena wamruhusu ndugu mmoja kubaki naye saa zile za mwisho, hata kama muda wa kutazama wagonjwa umekwisha.

5. Kazi iliyo mbele ya parokia zetu

Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji watu na utaratibu. Tunapendekeza kila jumuiya iwe na wahudumu wawili au watatu waliofundishwa kukaa na wanaokaribia kufa, wanaume kwa wanawake, wenye kutunza siri. Wapange zamu ili asiwepo mgonjwa anayekufa peke yake kwa sababu jamaa yake mmoja amekwenda kutafuta chakula. Wajue nambari ya simu ya paroko, na ya muuguzi wa tiba shufaa aliye karibu. Halmashauri ya walei imwulize mganga mkuu wa hospitali yao kama morfini ipo, na kama haipo, iulize kwa nini, tena iulize kwa maandishi. Na wakati wa mazishi, wahudumu waketi na watoto wa marehemu, wawaambie ukweli wa kumfariji aliyebaki: baba yenu hakuwa peke yake, na tulimwambia kwamba mlikuwa mkimpenda.

Ndugu wapendwa, chini ya msalaba Mama Maria hakuwa na dawa wala uwezo wa kumshusha Mwanae. Alisimama pale, akabaki. Kusimama huko ndiko tunakowaombeni.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu wagonjwa huambiwa ukweli wa hali yao? Nani humwambia, na kwa namna gani?

2. Je, tumewahi kuona mgonjwa asiyejiweza akinyang'anywa haki yake kitandani? Tulifanya nini, na safari nyingine tutafanya nini?

3. Ni wangapi kati yetu tumekwisha kuandika wosia? Kinachotuzuia ni nini?

4. Ni nani katika jumuiya yetu walio tayari kupokea mafunzo na kushika zamu ya kukaa na wanaokaribia kufa? Majina yao yapelekwe kwa paroko kabla ya mkutano ujao.